Hotirodi uliyoijenga mwenyewe: jinsi ya kuitoa barabarani mara ya kwanza na kurudi nayo nyumbani

Kilomita ya tatu. Hapo ndo gari yangu ya kwanza kujenga ilipoanza kuwa nzito, nakanyaga mafuta haiendi, nikadhani kabureta, nikazidi kukanyaga, afu ikaja harufu ya kuungua kama pasi iliyosahaulika juu ya nguo. Nikaweka pembeni, nikashuka, rimu za mbele hazigusiki. Nikakaa pale kama nusu saa, zikapoa, gari ikajiachia yenyewe, nikafurahi, nikaondoka, haikufika kilomita nyingine ikashika tena. Kosa lilikuwa dogo la kuchekesha na nitalieleza kwenye breki, ila siku ile nilielewa kitu kimoja ambacho ndo kinabeba maelezo haya yote: mzunguko wa kwanza hauendi popote. Unatoka, unarudi, unainua gari, unaandika kilicholegea na kinachovuja, unarekebisha, unatoka tena mbali kidogo kuliko mwanzo. Ukiipa safari ya kwanza mahali pa kufika, hata kama ni kwa mjomba tu kumwonesha, utajikuta unailazimisha gari ifike.

Kwa ambaye neno ni geni: hotirodi ni gari ya zamani, mara nyingi ile Ford ya 1932 au ndugu zake, imevuliwa mabati yasiyo na kazi, imeshushwa chini na kutiwa injini kubwa kuliko aliyozaliwa nayo. Maana yake kila kitu humo kimetoka kwenye gari tofauti, ekseli ya hii, giaboksi ya ile, difu (meno ya ekseli ya nyuma) ya nyingine kabisa, na vyote havijawahi kukutana mpaka wewe ulipovikutanisha. Gari ya kiwandani imeshajaribiwa kabla hujaiona. Yako mjaribuji ni wewe. Vijana wa kusini mwa California miaka ya 1930 walikuwa wanapeleka zao kwenye maziwa yaliyokauka kama Muroc, tambarare tupu, ukikosea unazunguka tu kwenye vumbi. Wengi wetu hatuna ziwa kavu, tuna barabara yenye watu.

Kabla ya yote, karatasi

Hili nalipita haraka. Gari iwe na usajili, bima na ukaguzi wowote unaotakiwa na sheria ya unapoishi, na ukaguzi wa magari ya kujenga mara nyingi una masharti yake, kwa hiyo uliza mapema kabla hujapaka rangi. Kama karatasi hazijakamilika, fanya hatua zote za uwanjani kwenye eneo binafsi na kwenda kokote iende juu ya trela. Bima inayokataa kulipa kwa sababu gari haikuwa kwenye kumbukumbu inauma kuliko injini iliyokufa.

Hatua ya 1: siku nzima chini ya gari na kichupa cha rangi

Usiifanye siku hiyo hiyo unayotaka kutoka. Siku ya kutoka una haraka na mwenye haraka haoni kitu. Inua gari kwenye stendi nne (sio jeki, narudia, sio jeki peke yake), anzia bampa ya mbele, tambaa mpaka nyuma. Kila bolti na nati unayoifikia weka spana, kaza kwa spana yenye kipimo pale penye kipimo, afu piga mstari mmoja wa rangi unaopita kwenye nati na kuingia kwenye chuma ilichoshika. Kazi ya mstari ni mbili. Leo unakwambia ipi umeshaikaza na ipi bado, na kesho ukirudi kutoka barabarani ukikuta mstari umekatika katikati ujue nati imezunguka yenyewe.

Nilidhani ni ujinga wa watu wenye muda mpaka nilipoukuta mstari umekatika kwenye bolti ya kushikilia giaboksi baada ya kilomita 10 tu.

Ukiwa huko chini angalia na propela, ile rodi ndefu inayopeleka nguvu kutoka giaboksi hadi difu. Ile sehemu inayoingia kwenye giaboksi isiwe imezama mpaka mwisho, ibaki na nafasi kama milimita 20 hadi 25 ya kuingia zaidi, manake gari ikikalia tuta nyuma inapanda na propela inasukumwa mbele, ikikosa pa kwenda inagonga giaboksi kwa ndani. Weka na kitanzi cha chuma karibu na krosi (kiungo kinachopinda) ya mbele ili siku ikivunjika propela isishuke chini ikachimba barabara na kuinua gari. Umeona mtu anaruka kwa upondo? Ndo hivyo hivyo, ila upondo ni propela na mrukaji ni wewe.

Hatua ya 2: breki, na hapa usiwe na haraka

Gari isiyowaka haiui mtu. Isiyosimama ndo inaua, kwa hiyo nusu ya muda wako wa maandalizi uende hapa.

Kwanza kile kilichonikuta mimi. Kati ya kijiti kinachotoka kwenye pedali na pistoni ya mastasilinda (pampu kuu ya breki) lazima kuwe na uwazi kidogo, milimita 1 hadi 1.5 hivi, pedali ikiwa juu kabisa. Ndani ya mastasilinda kuna kitundu kinachorudisha mafuta ya breki kwenye kopo lake. Kijiti kikiwa kirefu, pistoni hairudi mpaka mwisho na kitundu kinabaki kimezibwa. Sasa ukishika breki mara kadhaa mafuta yanapata joto, yanatanuka, hayana pa kutokea, yanasukuma pedi, pedi zinasugua diski, joto linazidi, na mduara unaendelea mpaka gari inakataa kwenda. Ikipoa inajiachia. Ndo mana nilikaa nusu saa nikadhani imepona. Dawa ilikuwa kulegeza nati moja, kufupisha kijiti mizunguko miwili, kukaza. Kujua kama kitundu kiko wazi ni rahisi: fungua kizibo cha kopo, mwambie mtu aguse pedali taratibu sana, wewe chungulia (uso mbali kidogo, mafuta yale yanawasha macho na yanakula rangi). Ukiona kijito kidogo kinaruka juu ya mafuta pedali inapoanza tu kusogea, kitundu kiko wazi.

Ya pili ni ya hotirodi hasa. Mastasilinda nyingi huku zinakaa chini ya sakafu kwa sababu juu hamna nafasi. Ikikaa chini kuliko kalipa (ile inayobana pedi kwenye diski), mafuta yanateremka kurudi, pedi zinaachana na diski, na wewe unapokanyaga mara ya kwanza pedali inazama, ukipampu inapanda. Watu wanatoa upepo (hewa iliyonaswa kwenye mabomba ya breki) wiki nzima wakati hamna upepo wowote. Kinachotakiwa ni vali ndogo ya kubakiza presha kwenye bomba: psi 2 (psi ni kipimo cha presha) kwa upande wenye diski, psi 10 kwa upande wenye drami. Usichanganye nafasi zake, ukiweka ya 10 kwenye diski umejitengenezea shida yangu ya kilomita ya tatu kwa njia nyingine.

Mafuta ya breki yenyewe: DOT 3, DOT 4 na DOT 5.1 ni ukoo mmoja, zinanyonya maji kutoka hewani ndo mana chupa iliyofunguliwa mwaka jana usiitumie. DOT 5 ni silikoni, haichanganyiki na hizo hata tone. Namba 5 na 5.1 zinachanganya watu kila siku, soma chupa mara mbili.

Ukishatoa upepo, kanyaga pedali kwa nguvu zako zote, ile nguvu ya mtoto kakatiza mbele, na ushikilie dakika nzima. Ikishuka taratibu kuna pahali panavuja, hata kama huoni. Pita kila maungio na kipande cha karatasi nyeupe laini, kitakuonesha unyevu ambao jicho halijauona.

Hatua ya 3: usukani na ekseli ya mbele

Kwenye rodi ya usukani kuna krosi ndogo zinazoshikwa na skrubu. Skrubu isikae juu ya rodi laini tu, toboa kishimo kidogo cha kuikalia, tia gundi ya nati, afu funga na nati yake ya kuizuia. Tairi zikiwa chini zimebeba uzito, kata usukani mpaka mwisho kushoto, mpaka mwisho kulia, mtu mwingine akiwa amelala pembeni na tochi. Anatafuta: tairi kugusa bati au mpira wa breki, mpira wa breki kunyooka mpaka kuvutika, rodi ya usukani kukaribia mabomba ya eksozi. Afu rudieni huku watu wawili wamekalia mbele ili ishuke.

Ekseli ya mbele ya chuma kimoja inataka kasta ya kutosha, yani kingpini (pini ambayo tairi ya mbele inageukia) ilale nyuma kama digrii 5 hadi 7. Ikiwa imesimama wima gari inatangatanga barabarani kama ng'ombe aliyeachiwa kamba, unaikata kushoto inaenda, unaiachia hairudi. Tairi za mbele ziangaliane kidogo sana, milimita 1.5 hadi 3 tofauti ya mbele na nyuma. Unaweza kupima nyumbani na utepe na chaki: inua tairi, izungushe huku umeshika chaki upate mstari katikati, shusha gari, isukume mbele mita chache itulie, pima mstari hadi mstari mbele, pima nyuma. Sio sahihi kama mashine ila inatosha kukufikisha kwenye mashine.

Hatua ya 4: petroli na pedali ya mafuta

Injini ikiwa imezimwa, mtu akanyage pedali ya mafuta mpaka chini huku wewe unatazama kipepeo cha kabureta. Kifunguke chote, na akiachia kirudi kwa mlio, tak, sio kwa kusinzia. Springi za kurudisha ziwe mbili, kila moja iweze kurudisha peke yake. Fungeni boneti na mrudie, manake kuna boneti zinazogusa kebo zikifungwa tu.

Bomba la petroli likae mbali na eksozi na lisining'inie. Pampu ya umeme ipitie kwenye rilei (swichi ya umeme) inayoizima pampu injini ikizima, vinginevyo ukigonga pampu inaendelea kumwaga petroli kwenye moto. Kabureta nyingi za aina ya Holley zinataka psi 5 hadi 7, zaidi ya hapo sindano inashindwa kuziba na petroli inafurika.

Na tenki lazima lipumue. Jamaa yangu gari yake ilikuwa inakata kila baada ya dakika 15, inapumzika inawaka, inakata tena. Kabadilisha pampu, kabadilisha koili, kalaumu kabureta, mpaka siku moja tukafungua kofia ya tenki pale pale ilipokatia ikavuta pumzi, fyuuuu, kama mtu aliyetoka chini ya maji. Kofia haikuwa na tundu. Petroli ilikuwa inatoka na hewa haiingii, mpaka pampu ikashindwa kuvuta.

Hatua ya 5: ethi (njia ya umeme kurudi kwenye betri)

Injini imekaa juu ya mipira, na mipira haipitishi umeme. Kama hukuweka waya mnene kutoka injini kwenda chesisi na mwingine chesisi kwenda bodi, umeme wa stata utatafuta njia nyingine ya kurudi kwenye betri, na njia anayoipenda ni kebo ya pedali ya mafuta. Nimeiona kebo inafuka moshi mtu anapiga stata. Ikiungua ndani inanata, na sasa una pedali inayobaki chini. Kwa hiyo ethi kwanza, taa za mapambo baadae.

Pima na mita: betri iliyotulia kama volti 12.6, injini ikinguruma kati ya 13.8 na 14.5. Taa za breki, indiketa na honi zifanye kazi kabla hujasogea, maana aliye nyuma yako hajui kuwa ni siku yako ya kwanza.

Hatua ya 6: iache ipate joto ikiwa imesimama

Kama injini ni mpya na kemshafti yake (rodi inayofungua vali) ni ya zile tapeti za chini zilizo bapa, usiiwashe ukaiacha ingurume kidogo kidogo. Inatakiwa iwake na ipande hapo hapo mizunguko 2000 hadi 2500 kwa dakika, ukiichezesha juu na chini, dakika 20 hadi 30, na oili yenye zinki ya kutosha. Ukiilaza mwanzoni tapeti na kemu vinatafunana. Ikiisha mwaga oili, badilisha filta. Mambo haya yaishe gari ikiwa haijatoka getini.

Feni ya umeme iliyo nyuma ya rejeta ivute, isipulize. Weka karatasi mbele ya rejeta, igandamane. Ikipeperuka umegeuza waya, na ukitembea feni inashindana na upepo wa barabarani. Themostati ya digrii 82 itakuonesha geji ikitulia hapo au juu yake kidogo. Ikipita 105 zima, subiri, na usiguse kizibo cha rejeta: ndani kuna maji yaliyopita kiwango cha kuchemka yanayoshikiliwa na presha tu, ukifungua yanakurukia usoni. Presha ya oili, kipimo cha mafundi wa zamani ni psi 10 kwa kila mizunguko 1000, injini ikiwa ya moto.

Giaboksi ya otomatiki pima oili yake injini ikiwaka na gari ya moto. Na kama ni ile 700R4 ya General Motors yenye kebo inayotoka kwenye kabureta, hiyo kebo sio ya kupangua gia tu, ndo inayoamua presha ya ndani. Imekaa vibaya, giaboksi inaweza kuungua kabla hujamaliza kujisifu.

Hatua ya 7: mita ishirini

Uwanjani, au barabara binafsi, tambarare. Mkanda umefungwa. Mtungi wa kuzimia moto wa unga umefungwa mahali mkono wako unafika ukiwa umekaa na mkanda. Hamna abiria. Watakuja, wapwa, majirani, yule aliyekuwa anasema haitawaka, wote wanataka kupanda. Waambie kesho.

Weka gia, sogea mita mbili, simama. Sogea mita tano, simama. Rudi nyuma, simama. Mbele kwa kasi ya mtu anayetembea, simama kwa nguvu. Sasa zungusha namba nane, taratibu, sikiliza kama tairi inalamba bati. Maliza kwa kuiweka nyutro na kuisukuma kwa mkono, iende kama ilivyokuwa ikienda kabla hujatumia breki. Ikiwa nzito rudi hatua ya 2, unajua nachokizungumzia.

Kama eneo ni refu, fika kilomita 30 kwa saa na ukanyage breki kwa nguvu, msaidizi akiwa pembeni kabisa, sio mbele, anaangalia tairi zipi zinafunga kwanza. Za nyuma zikitangulia, nyuma inataka kupita mbele yako, hasa kwenye maji, na hotirodi ni nyepesi nyuma kwa hiyo hili ni la kawaida sana. Punguza presha ya nyuma kwa ile vali ya kugawa breki mpaka za mbele zitangulie kidogo.

Hatua ya 8: barabarani

Chagua asubuhi kavu, jua limeshatoka, siku ambayo barabara ina watu wachache. Njia iwe mzunguko wa kilomita 2 unaopita nyumbani kwako, sio kilomita 2 kwenda na kurudi kwa njia moja, ili popote ikifia uwe karibu. Epuka kilima kirefu na makutano yenye foleni. Nyuma yako iwe gari nyingine na mtu unayemwamini, yeye ndo anaona moshi, matone, tairi inayoyumba, na anakukinga na wenye haraka. Kubalianeni ishara: taa mara moja simama pale pazuri, taa mfululizo simama sasa hivi. Kama huna kioo cha mbele au mabawa ya tairi, vaa miwani, kokoto zinarushwa na tairi zako mwenyewe.

Redio zima. Mzunguko wa kwanza kilomita 30 mpaka 40 kwa saa, na macho yanazunguka: barabara, oili, joto, barabara, volti. Kila sauti usiyoijua ifanyie jaribio moja: weka nyutro, achia mafuta, gari itembee yenyewe. Sauti ikishuka pamoja na injini, ni ya injini au eksozi. Ikibaki inaenda na mwendo wa gari, ni tairi, beringi, propela au difu. Jaribio hilo la sekunde tano limeniokolea wiki za kubahatisha.

Joto nalo lina lugha yake. Likipanda ukisimama na kushuka ukitembea, shida ni upepo, feni au kava yake. Likipanda ukikimbia na kushuka ukisimama, shida ni maji au rejeta haitoshi, au taiming (wakati wa plagi kupiga cheche).

Pedali ya mafuta ikinata chini: nyutro kwanza au klachi, injini ipige kelele inavyotaka, simama kwa breki mkanyago mmoja bila kupampu, afu ndo uzime. Ukizima kwanza na kuzungusha funguo mpaka mwisho unaweza kufunga usukani.

Kitu kingine cha ekseli ya chuma kimoja ni mtikisiko. Mara nyingi mzunguko wa kwanza hauoni, unaonekana ukifika 50 au 60: unapita kishimo kidogo, tairi za mbele zinaanza kutetemeka kushoto kulia, usukani unataka kutoka mkononi, gari nzima inacheza ngoma. Usishindane nao na usikanyage breki ghafla. Achia mafuta, shika imara, acha kasi ishuke mpaka utulie. Ukirudi tafuta tairodi yenye mchezo, balansi ya tairi, kasta, kingpini, na kama hujaweka lile fito la pembeni linalozuia ekseli kuhama kushoto kulia wakati usukani unasukuma kwa upande, liweke. Kuna wanaobandika shokapu ya usukani na kusema wamemaliza. Wamefunika tu.

Hatua ya 9: kurudi

Hapa wengi ndo wanaharibu, wanazima, wanapiga picha, wanasahau. Iache ingurume dakika moja, angalia geji, kisha zima na uende moja kwa moja kwenye tairi na kipima joto cha bunduki. Kama huna, mgongo wa mkono karibu na kitovu cha tairi, usiguse. Unalinganisha kushoto na kulia za ekseli moja. Mbele zikiwa za moto zote mbili sawa, ni kawaida. Moja ikiwa ya moto kuliko mwenzake, breki yake inashika au beringi imekazwa mno. Tandika boksi kubwa lililokunjuliwa chini ya gari usiku kucha, asubuhi matone yatakuchorea ramani: ya kijani au yenye utamu wa harufu ni maji ya rejeta, mekundu ni giaboksi, meusi au kahawia ni injini, manene yenye harufu kali ni difu.

Gari ikipoa, pita na tochi kwenye mistari ya rangi. Nati za tairi kaza upya kwa kipimo, baada ya mzunguko wa kwanza na tena baada ya kilomita 50 hadi 80, hasa rimu za alumini, zinajikalia. Filta ya petroli iangalie pia. Tenki jipya linatema kutu na vumbi la kuchomelea, filta ya kwanza hujaa mapema.

Hatua ya 10: ongeza kamba

Kilomita 2, rudi. Kilomita 5, rudi. Kisha 15, na hapo kama meno ya difu ni mapya iache ipoe kabisa kabla ya kutoka tena. Pedi za breki zizoeshe diski kwenye safari ya kilomita 15: kutoka 50 kwa saa punguza mpaka 10, mara nane hivi, bila kusimama kabisa, afu endesha dakika kumi bila kuzigusa zipoe. Mwendo mkubwa, kilima na abiria vinakuja baada ya safari mbili mfululizo ambazo daftari halikupata mstari mpya mkubwa.

Daftari nalisema makusudi. Simu inapotea ndani ya picha, daftari linakaa juu ya benchi na mafuta yake ya mikono. Ukifika kilomita 150 hivi mwaga oili, kata filta, fungua karatasi yake uangalie chini ya jua kama kuna vyuma vinavyometa, toa plagi uzitazame, peleka gari kwenye mashine ya kupima tairi.

La kwangu la gari ile ya kwanza lina mistari 41. Wa kwanza ni kijiti cha mastasilinda. Wa 40 ni tarehe niliyompeleka mjomba, akakaa, akafunga mkanda, akasema kiti kinalia. Huo ndo mstari wa 41, na mpaka leo bado kinalia.